Mtoto anasema atakuwa daktari wa upasuaji? Njia yenyewe iko hivi, kutoka primari mpaka thieta

Niseme mapema ndio nisikupotezee muda. Hii njia, hapa Kenya, ni ndefu, na sehemu kubwa yake sio kukata mtu, ni kungoja. Unangoja matokeo, unangoja KUCCPS ikupangie chuo, unangoja posti ya intanshipu, unangoja kazi, unangoja nafasi ya kusomea ubingwa, alafu ukishaingia thieta unangoja zamu yako ya kushika kisu. Watoto wenye hii ndoto kusoma wanajua, hiyo hakuna shida, lakini kungoja hakuna mtu amewafundisha na hapo ndio nimeona watu wazuri wakipotea. Kwa hivyo hii nimeiandika nikifuata hiyo foleni, kila mahali inasimama nakwambia ufanye nini ukiwa umesimama hapo.

Hesabu kwanza. Ukimaliza fomu foo na miaka 18, digrii ya udaktari, MBChB, ni miaka 6, intanshipu ya hospitali mwaka mmoja, miaka kadhaa ya kazi kama MO (daktari wa kawaida), alafu ubingwa wa upasuaji wa jumla miaka 5. Ukiwa na bahati na mgomo haujakukatia njia, unakuwa konsalta, yaani daktari bingwa, ukikaribia 35. Mzazi kama unasoma hii na mtoto ako darasa la tano, hiyo hesabu usimwambie leo.

Ukiwa bado mdogo

Wito upo, sitaki kuukataa. Kuna watoto wanajua wakiwa na miaka saba na hawabadiliki, mara nyingi ju kuna mtu wa kwao alipasuliwa akapona, au alipasuliwa akafa. Mtoto akikwambia anataka kupasua watu usimcheke, na pia usikimbie kutangazia kanisa nzima, ju akibadilisha mawazo akiwa fomu tuu atabeba aibu ya watu wote. Muulize tu ni nini kinamvuta. Akisema ni pesa mwambie kuna njia fupi kuliko hii. Akisema anataka kujua ndani ya mtu kuko aje, huyo mpe kuku.

Si mchezo. Kuku wa Krismasi akichinjwa usimfukuze mtoto jikoni. Mwonyeshe ini, moyo, firigisi, utumbo umejikunja aje, na nyongo iko wapi na kwa nini unaitoa pole pole isipasuke ikachafua nyama yote. Hiyo nyongo peke yake ni somo, ju siku moja atakuja kuona konsalta akitoa kifuko cha nyongo cha mtu kwa uangalifu uleule wa mama yake, na ataelewa kabla hajaelezwa.

Kitu ingine ni mikono. Ashone kifungo chake mwenyewe, afume, achore, afungue redio mbovu ajaribu kuirudisha. Sio ati kila fundi wa cherehani angekuwa daktari, hapana, lakini mkono uliozoea vitu vidogo hauna haraka. Na kama shule yao iko na kikundi cha St John Ambulance ama Red Cross aingie, atajifunza kufunga bandeji na kuzuia damu, na muhimu zaidi atajua kama akiona mtu ameumia anasogea karibu ama anarudi nyuma. Akirudi nyuma mara ya kwanza usijali, wengi wetu tulirudi.

Shule, na foleni ya kwanza

Kwa wale bado wako kwa 8-4-4, ambao KCSE ya mwisho, ule mtihani wa fomu foo, ni 2027, mambo iko hivi. KMPDC, lile baraza la kusajili madaktari, linataka angalau B plain ya jumla, na B plain kwa baiolojia, kemia, hisabati ama fizikia, na Kiingereza ama Kiswahili. Hiyo ni kizingiti tu. Kwa ukweli, nafasi za Chuo Kikuu cha Nairobi (UoN), Moi, Kenyatta (KU) na zile zingine za serikali huchukuliwa na watu wa A na A minasi, ju kalasta, zile pointi za kuingilia kozi, inahesabiwa juu ya 48 na kila mtu anayeweka medisini chaguo la kwanza ako huko juu. Wa CBC, ule mtaala mpya, nao, darasa la kwanza la gredi 10 limeingia sinia Januari 2026, hao wachague njia ya STEM na kwa yale masomo matatu ya kuchagua baiolojia na kemia zisikose. Mwalimu akikushauri uache kemia ju inakushusha, huyo mwalimu anafikiria wastani wa shule sio maisha yako.

Sasa hapa niseme kitu ambayo watu wa sayansi hupuuza. Kiswahili. Watu huona ni somo la kutafuta pointi, lakini utakuja kusimama wodini mbele ya mzee ametoka Kitui ama Wajir, fomu ya idhini mkononi, na lazima umweleze unataka kufanya nini na tumbo lake na aelewe. Ukimwambia "mzee, una intestino obstrakshoni" hujamwambia kitu. Ukimwambia "mzee, utumbo umefunga mahali, chakula na hewa havipiti, tusipofungua unaweza kuoza", ameelewa. Na atakuuliza, "Na nikikataa, daktari?" Hilo ndilo swali la maana kwa hiyo fomu na unafaa kuwa na jibu la kweli, sio la kumtisha. Pale KNH, hospitali ya Kenyatta, nimeona mwanafunzi wa A tupu akikosa maneno hapo, akaishia kuita sista amsaidie kuongea.

Ukimaliza KCSE Novemba, chuo ni mwaka unaofuata na kawaida ni karibu Agosti ama Septemba. Hiyo miezi usilale. Fanya kozi ya huduma ya kwanza, Red Cross wako South C, tafuta kazi yoyote ya kushughulika na watu hata kama ni duka la wamama wa mtaa, na ujifunze kuamka saa kumi na moja bila kuamshwa. Hii ya mwisho nasema bila mzaha, ju maisha yako yote kuanzia hapo yataanza saa hizo.

Pesa

Nitapita haraka ju kila mwaka mambo hubadilika. Tangu 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kufadhili vyuo, unaaplai mwenyewe mtandaoni kwa potali ya HEF, wanaangalia hali ya familia yenu alafu wanagawa kati ya ufadhili, mkopo wa HELB na ile sehemu ya mzazi. Usiposhughulikia hiyo fomu mapema utajikuta na bili yote, na medisini ni kati ya kozi ghali zaidi. Jaza ukweli, na weka kila karatasi ya kuthibitisha. Alafu kuna vitu havipo kwa fii stracha, stethoskopu, koti jeupe, nauli ya kwenda na kurudi hospitali mara mbili kwa siku moja, viatu vya kusimama. Viatu nunua vizuri hata kama simu itakuwa ya zamani.

Wale wa kwenda ng'ambo, China, Urusi, India, kabla hujauza shamba hakikisha KMPDC inakitambua hicho chuo, na ujue ukirudi kuna mtihani wa kufanya kabla hujaruhusiwa kuingia intanshipu. Kuna watu wamerudi na digrii nzuri wakakaa nyumbani ju hakuna mtu aliwaambia hiyo kitu.

Chiromo

Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza 1967, kabla ya hapo Mkenya wa kusomea udaktari Afrika Mashariki alikuwa anapanda gari la moshi kwenda Makerere. Siku hizi ukiingia UoN miaka ya kwanza uko kampasi ya Chiromo, pale chini ya Museum Hill, na kitu utakumbuka ukizeeka ni chumba cha anatomia.

Harufu ya fomalini inaingia kwa nywele, kwa mkoba, hadi kwa chapati uliyobeba. Kuwa na koti moja la huko tu na usilifue pamoja na nguo zingine. Kula asubuhi. Siku ya kwanza simama karibu na dirisha. Ukihisi macho yanapotea toka nje, hakuna mtu atakucheka zaidi ya dakika mbili. Na simu isitoke mfukoni, huyo amelala hapo ni mtu, kuna familia yake mahali, picha moja tu inaweza kukutoa chuoni na unastahili.

Sasa ushauri wenyewe wa hapo. Kila meza ina kundi, na kwa kila kundi kuna mtu mmoja anayesoma maelekezo kwa sauti wakati wengine wanakata. Usikubali kuwa huyo mtu kila wiki. Ni kazi nzuri, unaonekana una bidii, lakini mwisho wa mwaka unajua majina ya mishipa yote na kidole chako hakijawahi kupita chini ya hata mmoja. Anatomia ya upasuaji inaingia kwa vidole. Funga macho uguse, uliza hii ni mshipa wa damu ama neva, mshipa wa ateri una ukuta mgumu kidogo, vena inalala, neva ni kama uzi umelowa. Wenzako wakienda lanchi wewe rudi dakika kumi.

Ukihamia KNH kwa miaka ya klinikali, ile hospitali iliyoanza 1901 ikiwa na vitanda 40, mambo inabadilika ju sasa mgonjwa anaongea. Kabla hujagusa mtu yeyote pata chanjo ya hepataitisi B, dozi zote, usingoje kusukumwa. Na ukidungwa na sindano yenye damu, hata kama ni kidogo na unaona aibu, osha kwa maji na sabuni na uende siku hiyohiyo upewe PEP, dawa za kuzuia HIV, ju baada ya masaa 72 haisaidii tena. Kuna wanafunzi huficha wakiogopa kugombezwa. Gombezwa tu.

Mikono yako

Hapa ndio napenda kukaa kidogo ju ni kitu unaweza kuanza kesho na hakuna foleni.

Fundo kwanza. Fundo la upasuaji ni lile la mraba, ncha zinapishana upande mmoja alafu raundi ya pili zinapishana upande wa pili. Ukipishanisha upande mmoja mara mbili umefunga fundo la kuteleza, kwa kiatu si neno, kwa mshipa wa damu ni msiba. Chukua uzi, funga kwa mkono wa mlango wa kabati, kwa kamba ya mkoba ukiwa matatu ya Thika Road jam ikiwa imekataa kusonga, kwa mikono miwili kwanza, alafu mkono mmoja wa kulia, alafu wa kushoto. Ukizoea funga ukiongea na mtu bila kuangalia. Ukizoea zaidi vaa glavu, lowesha na maji na sabuni, ndio ujue damu inateleza aje. Lengo sio kasi, lengo ni kwamba ukivuta kile unachofunga hakinyanyuki. Weka soda tupu ya plastiki mezani ufunge shingoni mwake, ikisonga umevuta vibaya.

Kushona nako, anza na ganda la ndizi, ukishona vibaya linachanika na hakuna wa kukutetea. Alafu nenda soko la nyama la Burma ununue mguu wa mbuzi na matumbo kidogo. Sindano ishike na ile koleo yake karibu na theluthi ya nyuma, sio kwa ncha, sio kwa mkia. Ingia ngozini ikiwa wima kabisa, alafu zungusha kifundo cha mkono uifuate ilivyopinda, usisukume moja kwa moja. Kingo zikutane bila kubanwa, mshono uliobana sana unaua ngozi. Vifaa viwe vya mazoezi tu, sindano zilizotumika ziingie kwa chupa ngumu, na huo mguu wa mbuzi usirudi kwa supu tafadhali, nasema hivi ju nimeona mtu akijaribu.

Kuna pia upasuaji wa kutumia kamera, matundu madogo. Sanduku la mazoezi unajitengenezea na katoni, toboa mashimo mawili, ingiza simu kwa juu kama kamera, na vyombo viwili virefu. Hamisha maharagwe kutoka kikombe kimoja hadi kingine ukiangalia skrini. Wiki ya kwanza utadhani mikono si yako.

Siku ya kwanza thieta

Usiingie kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Fika mapema kabla ya konsalta, mtafute sista wa thieta, jitambulishe.

"Habari ya asubuhi sista. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, nimekuja kwa listi ya leo. Glavu yangu ni saba."

"Haya daktari. Simama hapo ukutani, na ile meza ya kijani usiikaribie."

Umeshapita mtihani mkubwa wa siku. Sista wa thieta ndiye anayejua konsalta yupi anafundisha, yupi anapenda kimya, na siku utakayokosa kujua kitu atakuokoa ama atakuacha, kutegemea ulivyomsalimia.

Ukiambiwa unawe, unanawa kutoka vidole kuja kiwiko, mikono ikiwa juu ili maji yatiririke kuelekea kiwiko yasirudi kwa vidole. Ukigusa kitu kisicho safi sema "nimechafua", hata kama hakuna aliyekuona, utabadilishiwa glavu na maisha yataendelea. Ukisikia kizunguzungu rudi hatua moja nyuma ukae chini, usianguke mbele juu ya mgonjwa.

Utaona pia kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka, kila mtu anasimama na orodha inasomwa: jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande gani, ana aleji, pamba na sindano zimehesabiwa. Hiyo ni orodha ya WHO ya 2008, ina vipengele 19, na utafiti uliotolewa 2009 kutoka hospitali za miji minane, mmoja ukiwa Ifakara hapo Tanzania, ulionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 baada ya kuanza kuitumia. Kama unasomewa haraka haraka kama sala ya chakula, wewe mwanafunzi sikiliza kwa makini na ukisikia upande umetajwa tofauti na vile uliona kwa faili, sema. Kwa adabu lakini sema.

Mengine utakayofanya mwaka huo ni kushika ritrakta, kile chombo cha kuvuta kingo za kidonda zikae wazi. Masaa. Mkono unakufa ganzi na hata huoni kinachoendelea. Tumia huo wakati, usiku uliotangulia soma upasuaji wa kesho, ukiwa hapo jiulize hatua inayofuata ni gani kabla haijafanywa. Ukikosea kichwani hakuna aliyeumia.

Na fungua logibuku. Tarehe, upasuaji gani, uliangalia ama ulisaidia ama ulifanya ukisimamiwa. Bila jina la mgonjwa. Miaka kumi baadaye utaulizwa umefanya kidole tumbo ngapi na hutakuwa unakisia.

Intanshipu na ile foleni inayovunja watu

Ukimaliza chuo huendi kazini moja kwa moja. Unangoja kupostiwa intanshipu, miezi 12, unazungushwa medisini, upasuaji, watoto na uzazi. Hii foleni imeshaleta vita. Mgomo wa 2024 ulichukua siku 56, na kati ya mambo makubwa ilikuwa hawa intani, serikali ilitaka kuwalipa 70,000 kwa mwezi wakati mkataba wa 2017 ulisema 206,400. Na huo mkataba wenyewe ulipatikana baada ya mgomo wa siku 100. Kwa hivyo mzazi, ukiona kijana amegraduweti na yuko nyumbani miezi, usimuite mvivu mbele ya wageni. Yeye naye asikae tu, akumbushie fundo, asome kozi za bure, akajitolee kambi za matibabu.

Ukiingia, chagua hospitali yenye kazi nyingi kuliko yenye jina. Hospitali ya kaunti ambapo wewe na MO mmoja mnabeba usiku mzima itakufundisha upasuaji wa uzazi, kufungua tumbo na kusafisha mfupa uliovunjika ukatoka nje. Hizo tatu ndizo tume ya jarida la Lancet ya 2015 ilisema kila hospitali ya ngazi ya chini inayopasua inafaa kuziweza, na hiyohiyo tume ndio ilisema watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama. Ukizijua vizuri hizo tatu na unajua kuita msaada mapema, uko mbele. Na Nairobi na viunga vyake bodaboda watahakikisha hukosi mifupa.

Uliza maswali usiku. Konsalta akikasirika saa nane usiku amekasirika, lakini kesho asubuhi atakasirika zaidi akikuta hukumpigia.

MMed ama COSECSA

Baada ya intanshipu unapata laisensi, unafanya kazi kama MO, na sasa unachagua njia ya ubingwa. Ziko mbili kubwa.

Ya kwanza ni MMed, shahada ya uzamili ya chuo, UoN, Moi, Aga Khan na wengine. Unakuwa rejistra, daktari anayesomea ubingwa, unasoma, unafanya tasnifu, unapasua chini ya maprofesa. Uzuri wake ni kwamba unapata shahada ya chuo, ukitaka kufundisha baadaye mlango uko wazi. Ubaya ni kwamba usipopata ufadhili wa kaunti ama wizara mara nyingi unalipa fii huku ukifanya kazi usiku na mchana bila mshahara, na wengi hapo wana mke, mtoto na mkopo. Ukipewa ufadhili soma ile bondi kabla ya kusaini, utatumikia miaka mingapi na wapi.

Ya pili ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa 1999, makao yake Arusha, lakini hakina madarasa. Unafundishwa ukiwa kazini kwa hospitali iliyoidhinishwa, miaka miwili unafanya MCS, ngazi ya kwanza, mitatu mingine FCS, ngazi ya ubingwa, na mitihani ni ya pamoja na watu kutoka nchi zote za kanda. Kwa Kenya, hospitali za Kijabe na Tenwek zinajulikana sana kwa hii. Mara nyingi unalipwa kama mfanyakazi ukiendelea kusoma. Mtu akikwambia hii ni ya daraja la chini mwambie aangalie orodha ya waliowahi kuwa marais wake, Profesa Pankaj Jani wa hapa Nairobi ni mmoja wao.

Mimi nikiulizwa, mwenye familia na asiye na ufadhili naelekeza COSECSA bila kufikiri sana. Anayetaka kuwa mhadhiri, MMed. Na kuna wanaofanya zote mbili, hao wana nguvu ambazo sina.

Kabla ya kuaplai yoyote, tafuta konsalta mmoja ambaye amekuona ukifanya kazi, sio ambaye ni rafiki ya baba yako. Barua ya aliyekuona saa tisa usiku inasomeka tofauti.

Ukishakuwa konsalta

Watu hudhani hapo ndio mwisho. Hapana, jina linajengwa baada ya hapo, na linajengwa kwa kuchagua kitu ambacho watu ni wachache. Upasuaji wa watoto, saratani, mishipa ya damu, mfumo wa mkojo, kuunda upya viungo. Angalia mwaka 1957, Michael Wood na wapasuaji wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha Flying Doctors ambayo ndiyo ikawa Amref, ile ndege zake ziko uwanja wa Wilson mpaka leo. Walikuwa wataalamu wa kuunda upya ngozi na viungo, wakaona tatizo sio kisu, ni barabara.

Na usifikirie ni mtu mmoja anang'aa. Novemba 2016 KNH walitenganisha mapacha wasichana walioungana mgongoni kwa chini, ilichukua masaa 23, na wataalamu walikuwa wengi, wa mishipa, wa watoto, wa kuunda ngozi, wa usingizi, na wauguzi wengi. 2018 hapo hapo wakarudisha mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia ng'ombe majani. Ukiwa kijijini na kitu kama hicho kitokee, kile kiungo kifunge na kitambaa safi chenye unyevu, weka kwa karatasi ya plastiki, alafu hiyo karatasi iweke juu ya barafu, kiungo chenyewe kisiguse barafu. Hiyo imetoka nje ya mada lakini lazima iandikwe mahali.

Ukitaka cheo cha profesa, andika. Annals of African Surgery ni jarida la chama cha wapasuaji wa hapa, anza na kesi moja isiyo ya kawaida ukiwa bado rejistra. Nenda mikutano. Fundisha mwanafunzi aliyesimama ukutani, mpe mshono wa mwisho ashone wewe ukiangalia. Pointi za CPD, zile za kuendelea kujifunza kazini, kusanya mwaka mzima, usikimbizane nazo Desemba laisensi ikiisha.

Maswali huulizwa kila mara

Naogopa damu. Wengi walikuwa hivyo, inazoeleka. Kitu ambacho hakizoeleki ni kukosa usingizi, hiyo jiulize kwa ukweli.

Mimi ni msichana, naambiwa nitafute kitu laini. Waambie waende wodi yoyote ya uzazi waone kama ni laini. Wanawake wapasuaji wa kanda hii wana umoja wao ndani ya COSECSA, unaitwa Women in Surgery Africa, watafute mapema, na ongea na mmoja aliyezaa akiwa rejistra akwambie alipangaje.

Nimepata C plain. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana diploma ya clinical medicine, na clinical officer (tabibu) mwenye ubingwa wa mifupa ama wa dawa za usingizi anafanya kazi kubwa thieta kila siku. Ukitaka baadaye kupanda mpaka MBChB, nenda ofisi za KMPDC uulize masharti ya mwaka huo, usimsikilize ajenti wa mtandaoni.

Natumia mkono wa kushoto. Si shida, ila mwambie sista mapema ndio ajue atasimama wapi na atakupa sindano ikiangalia upande gani. Makasi na koleo nyingi zimetengenezewa watu wa kulia, kwa hivyo ama ujifunze kukata na mkono wa kulia ama utafute za kushoto ununue zako mwenyewe, na uziandike jina, ju zitaibiwa.